Somo la Afya: Madini Yanayotibu Saratani, na kwa Nini Tunalipia Maji ya Dripu



 Katika vikao vya robo mwaka hii swali moja limerudi mara kwa mara, nalo limetoka pande zote mbili. Kamati zimeuliza na wafadhili wameandika: "Tulichanga fedha kwa ajili ya dawa za saratani. Mbona taarifa ya matumizi inaonyesha nauli, malazi, vipimo vya damu na maboksi ya maji ya dripu, na dawa yenyewe inaonekana kidogo tu?"

Ni swali la haki. Hata hivyo jibu lake halimo katika daftari la mhasibu, limo ndani ya dawa yenyewe. Mojawapo ya dawa zinazotumika sana kwa saratani tunazokutana nazo parokiani imetengenezwa kwa madini, na madini hayo yana masharti yake. Asiyeyajua masharti hayo atanunua dawa na kumpoteza mgonjwa. Kwa hiyo toleo hili tumeona tusiandike barua ya kujitetea, bali tuweke somo. Wanajumuiya walisome taratibu, hata kwa vikao viwili.

MADINI YASIYOSHIKA KUTU

Platini (wengine husema platinamu) ni madini meupe yanayong'aa, mazito kuliko fedha. Walimu wa sayansi husema "metali", nasi humu tutatumia neno lililozoeleka. Sehemu kubwa ya platini inayochimbwa duniani hutoka barani kwetu: Afrika Kusini, hasa ukanda wa Rustenburg, na kiasi kingine Zimbabwe. Sifa yake kubwa ni uvivu. Haishiki kutu, haiyeyuki katika asidi za kawaida, wala haiungani kirahisi na vitu vingine. Ndiyo maana masonara huifanyia pete, na wanasayansi huitumia kupitisha umeme ndani ya vimiminika wakitegemea kwamba haitaleta vurugu.

Mwaka 1965 tegemeo hilo liliingia dosari, na dosari hiyo ikawa baraka. Barnett Rosenberg, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan nchini Marekani, pamoja na wenzake Loretta Van Camp na Thomas Krigas, walichapisha habari ya ajabu. Walitaka kujua kama umeme unaweza kubadili namna seli zinavyogawanyika. Walichukua bakteria wa kawaida wanaoishi matumboni mwetu, wakawaweka katika maji yenye virutubisho, wakapitisha umeme kwa vijiti vya platini. Bakteria wakaacha kugawanyika. Hawakufa, bali waliendelea kurefuka kama tambi, hadi wengine wakafikia urefu mara 300 kuliko kawaida yao.

Mtu mwenye haraka angeandika kwamba umeme huzuia bakteria kuzaana, akafunga daftari. Wao walichunguza kila kilichokuwamo katika chombo kile, na wakakuta kwamba umeme wenyewe haukuwa na neno. Chembe kidogo sana za platini zilikuwa zimetoka kwenye vile vijiti "vivivu", zikaungana na chumvi ya amonia iliyokuwa majini, na kufanya kampaundi mpya. Mpya kwa maana ya kuwamo katika chombo kile tu, kwani mkemia wa Kiitalia, Michele Peyrone, alikwisha kuitengeneza kampaundi hiyo katika miaka ya 1840. Ilikaa katika vitabu vya kemia zaidi ya miaka 120 bila mtu kufikiri kwamba ni dawa.

Rosenberg akajiuliza: kama inazuia kugawanyika, si huenda ikazuia seli za saratani, ambazo kazi yao ni kugawanyika bila kupumzika? Mwaka 1969 kundi lake lilitangaza kwamba uvimbe wa saratani katika panya ulipungua na kutoweka. Mwaka 1971 dawa ilianza kupewa wagonjwa. Desemba 1978 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha itumike kwa saratani ya korodani na ya mifuko ya mayai ya uzazi. Jina lake ni sisplatini.

(Tunawaomba wafadhili wetu watusamehe tukisema jambo hapa. Mara nyingi tunatakiwa tuandike mapema, kabla mradi haujaanza, matokeo yatakayopatikana mwezi wa kumi na mbili. Watu wale wa Michigan hawakuwa wakitafuta dawa ya saratani hata kidogo.)

WATU WANNE KWENYE SINIA MOJA

Ni vema kuelewa dawa hii inavyofanya kazi, maana masharti yake yote yanatoka hapo.

Katikati kuna atomu moja ya platini. Kandokando yake kuna majirani wanne: wawili wa amonia na wawili wa klorini. Wote wamekaa bapa, kama watu wanne waliozunguka sinia moja la pilau. Klorini wawili wakikaa bega kwa bega upande mmoja, hiyo ni dawa. Wakikaa wakitazamana ng'ambo na ng'ambo ya sinia, ingawa watu ni wale wale na chakula ni kile kile, hiyo siyo dawa. Neno "sis" katika jina lake ni la Kilatini, maana yake "upande huu".

Dawa ikiingia katika damu, hutulia. Damu ina chumvi nyingi, na chumvi ina klorini, hivyo klorini wale wawili hawaoni sababu ya kuondoka kwenye viti vyao. Ndani ya seli chumvi hiyo ni kidogo. Hapo klorini mmoja huondoka, maji yakakaa mahali pake, kisha na wa pili vivyo hivyo. Sasa platini ina mikono miwili iliyo wazi, na iko jirani na kitu kinachoshikika kwa urahisi, yaani vinasaba vya seli, DNA. Huvishika sehemu mbili zilizo karibu karibu na kuvipinda.

Fikirini zipu ya begi iliyonasa kitambaa. Begi bado ni begi, lakini halifunguki. Seli inayotaka kugawanyika lazima ifungue zipu yake ya vinasaba mwanzo hadi mwisho ili itoe nakala. Ikikuta imenasa hujaribu kutengeneza. Ikishindwa, hujiua yenyewe. Seli za saratani ya korodani ni dhaifu sana katika kutengeneza uharibifu wa namna hii, na ndiyo maana ugonjwa huo uliitikia dawa kuliko mingine yote. Mwaka 1974 Dkt. Larry Einhorn wa Chuo Kikuu cha Indiana alianza kuichanganya sisplatini na dawa nyingine mbili kwa vijana ambao saratani yao ilikuwa imekwisha kusambaa. Kabla ya hapo, kati ya vijana 10 wa hali hiyo aliyepona alikuwa mmoja hivi. Siku hizi hupona wapatao 8.

Tuangalie lakini na upande wa pili. Dawa hii haina macho ya kutofautisha seli ya saratani na seli njema. Inashika vinasaba popote inapovikuta. Inaumiza figo, kwa kuwa figo ndizo zinazoitoa mwilini. Inaumiza masikio, mgonjwa akaanza kusikia mlio usiokwisha na kupoteza sauti nyembamba. Inaumiza mishipa ya fahamu, vidole vikafa ganzi. Inapunguza damu. Na kutapika kwake kulikuwa kwa kutisha: wauguzi wa zamani husimulia wagonjwa waliotapika walipoona tu jengo la hospitali. Afadhali ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1990, zilipopatikana dawa za kuzuia kutapika kama ondansetroni.

MAJI NI SEHEMU YA DAWA

Sasa tunafika kwenye lile swali la bajeti.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 sisplatini ilikaribia kuachwa kabisa. Ilipunguza uvimbe, ndiyo, lakini iliharibu figo za wagonjwa kiasi kwamba madaktari wengi waliona haifai. Kilichoiokoa hakikuwa ugunduzi wa gharama kubwa. Madaktari walionyesha kwamba mgonjwa akipewa maji mengi ya dripu kabla na baada ya dawa, akakojoa vizuri, platini hupita kwenye figo ikiwa imezimuliwa na bila kukaa muda mrefu. Lita moja au mbili za maji ya chumvi, pamoja na magnesi na potasi kwa sababu dawa huzipoteza kwenye mkojo, zilibadili kabisa hali ya mambo.

Kwa hiyo mnapoona katika taarifa yetu "maji ya dripu, maboksi kadhaa", msidhani fedha imekwenda pembeni. Anayenunua sisplatini bila maji amenunua nusu. Na maji yenyewe hayawi yoyote tu. Dawa huchanganywa na maji ya chumvi, si maji ya sukari peke yake, kwa sababu ile ile tuliyoieleza: chumvi ndiyo inayowashikilia klorini vitini mpaka wafike ndani ya seli. Vifaa vyenye alumini haviruhusiwi kuigusa, kwani madini hayo mawili hugombana: dawa hutoa masimbi meusi na kupoteza nguvu. Wala haiwekwi kwenye friji, maana kwenye baridi hujikusanya na kuwa chembechembe.

Tunayasema haya kwa sababu wapo marafiki wema wa nje ambao wamewahi kupendekeza kwamba wanunue chupa za dawa huko waliko, wazitume kwa kifurushi, zahanati ya parokia imchome mgonjwa. Nia ni njema. Jambo lenyewe haliwezekani, na tunaomba lisijaribiwe. Dawa hii hutolewa mahali penye daktari wa saratani, maabara, muuguzi aliyefundishwa, na mahali pa kutupia salama chupa na mabomba yaliyotumika, kwani ni sumu hata kwa anayeishika.

HUKU KWETU

Saratani ya korodani, iliyoipatia sisplatini sifa, ni chache katika Afrika. Mzigo wetu ni mwingine. Tanzania inaongoza kwa wanawake kuugua saratani ya mlango wa kizazi kuliko saratani nyingine zote: makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalikuwa zaidi ya wagonjwa wapya 10,000 kwa mwaka, na vifo zaidi ya 6,000. Kisha kuna saratani ya koo la chakula, ambayo ni nyingi katika ukanda unaoshuka kutoka Ethiopia kupitia Kenya na Tanzania hadi Malawi. Kuna saratani za kichwa na shingo. Zote hizi hukutana na dawa za platini mahali fulani katika matibabu yake. Hata mtoto mwenye saratani ya jicho mara nyingi hupewa ndugu yake sisplatini, karboplatini, ambayo ni pole zaidi kwa figo.

Kwa mlango wa kizazi habari kubwa ilikuja Februari 1999. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilitoa tangazo la dharura kwa madaktari baada ya tafiti tano kuonyesha kitu kimoja: mwanamke anayepewa mionzi akiongezewa dawa yenye sisplatini ana nafasi kubwa zaidi ya kuishi kuliko anayepewa mionzi peke yake. Tusitie chumvi lakini. Tafiti nyingi zilipojumlishwa mwaka 2008, ilionekana kwamba kati ya wanawake 100 waliopata mionzi tu, 60 walikuwa hai baada ya miaka mitano, na dawa ilipoongezwa walikuwa 66. Wanawake sita. Anayesoma takwimu ofisini anaweza kuona ni wachache. Waliokaa kwenye matanga wanajua kwamba mama mmoja ni nyumba nzima.

Angalieni pia neno "kuongezewa". Dawa hapa ni msaidizi wa mionzi. Inaizuia seli kujitengeneza baada ya kupigwa na mionzi. Mwaka 2016 Uganda walilionja hili kwa uchungu, pale mashine pekee ya mionzi katika hospitali ya Mulago ilipoharibika kabisa, wagonjwa wakabaki na dawa bila mionzi hadi mashine mpya ilipoanza kazi mapema 2018.

Utaratibu wa kawaida ni huu: mionzi siku tano kwa juma, kwa majuma kama matano, sisplatini mara moja kwa juma, miligramu 40 kwa kila mita ya mraba ya mwili wa mgonjwa, kisha mionzi ya ndani. Na yote haya yanatakiwa yakamilike ndani ya siku 56 hivi. Zikizidi, saratani hupata nafasi ya kuota tena katikati ya matibabu, na uwezekano wa kupona hushuka.

Sasa mchukueni mama kutoka Sumbawanga aliyepelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Tuseme dawa ameipata kwa bei nafuu, au bila malipo. Juma la tatu fedha ya chakula imekwisha na nyumbani mtoto anaumwa. Anaomba ruhusa, anapanda basi, anarudi baada ya siku 20. Platini aliyopewa ni ile ile, mionzi ni ile ile, lakini siku hizo 20 hakuna daktari atakayezirudisha. Ndugu zetu, tunapolipia godoro na ugali kwa majuma nane katika nyumba ya wagonjwa, tunainunulia dawa muda wa kufanya kazi yake. Hiyo ndiyo sababu mstari wa malazi katika taarifa ni mrefu kuliko mstari wa dawa, na tutaendelea kuuandika hivyo.

FIGO ZIFIKE ZIKIWA NZIMA

Hapa ndipo kamati za parokia zinaweza kufanya kazi ambayo hospitali haiwezi.

Saratani ya mlango wa kizazi ikikua, huibana mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Mama aliyechelewa anaweza kufika hospitalini figo zikiwa zimekwisha kuzidiwa, na kipimo cha kreatinini kikionyesha hivyo, daktari hataweza kumpa sisplatini. Atapewa mionzi peke yake, au kitu kingine. Maana yake ni kwamba kuchelewa kijijini kunaweza kumfungia mlango wa dawa hata kama fedha ya kununulia ipo mezani. Damu inayotoka nje ya siku zake, au baada ya tendo la ndoa, au kwa mama aliyekwisha koma hedhi, isisubiri mavuno wala kikao.

Kisha kuna mambo yanayoharibu figo njiani. Maumivu ya kiuno ni makali, na duka la dawa liko karibu, basi mgonjwa hununua diklofenaki au ibuprofeni na kumeza kila siku kwa miezi. Dawa hizo ni adui wa figo. Mitishamba ya kuchemsha nayo ina ambayo huumiza figo, na mnywaji hajui ni ipi. Hatusemi mgonjwa avumilie maumivu. Tunasema amwambie muuguzi ili apewe ya kufaa, pamoja na morfini pale inapohitajika. Mjumbe anayemtembelea mgonjwa aulize kwa upole: "Mama, unatumia dawa gani nyingine nyumbani?" Na aulize bila sura ya hakimu, la sivyo hataambiwa ukweli.

Wagonjwa wetu wengi wa saratani hii pia wanatumia dawa za kupunguza makali ya VVU. Wasiache kuzitumia, na wasizifiche kwa daktari wa saratani. Baadhi yake, kama tenofovia, nazo hupita kwenye figo na huhitaji kuangaliwa kwa vipimo wakati wa sisplatini. Tumeona akina mama wakificha kadi kwa kuogopa kwamba watanyimwa matibabu. Hawanyimwi kwa sababu hiyo.

Na damu. Mgonjwa huyu anatoka damu kwa ugonjwa, na dawa inapunguza iliyobaki. Vijana wa parokia waliojitolea damu Jumapili moja baada ya Misa walisaidia kuliko harambee, kwani damu haina kiwanda.

VIPI MADINI MENGINE?

Mafanikio ya sisplatini yaliwafanya wakemia wajaribu karibu kila madini yaliyopo. Maelfu ya kampaundi za platini zimetengenezwa. Zilizoenea duniani kote ni tatu tu. Karboplatini tumeitaja. Oksaliplatini ilitengenezwa Japani katika miaka ya 1970 na Yoshinori Kidani, ikaidhinishwa kwanza Ufaransa mwaka 1996, nayo hutumika sana kwa saratani ya utumbo mpana. Zote tatu zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Nje ya platini, iliyofika mbali zaidi ni aseniki, sumu ya panya ya zamani. Madaktari wa Harbin, China, waliichunguza kuanzia miaka ya 1970, na mwaka 2000 Marekani iliidhinisha itumike kwa aina moja maalumu ya saratani ya damu. Ikiambatana na dawa inayotokana na vitamini A, leo huponya wagonjwa wengi sana wa aina hiyo. Kwa aina nyingine za saratani haina kazi hiyo.

Titani ilijaribiwa kwa wagonjwa, ikaachwa. Rutheni, madini ya ukoo mmoja na platini, ilianza kupewa wagonjwa katika majaribio mwishoni mwa miaka ya 1990. Dawa mojawapo iliachwa na nyingine bado zinachunguzwa. Dawa ya dhahabu iliyoidhinishwa mwaka 1985 kwa ugonjwa wa baridi yabisi inachunguzwa kama inaweza kusaidia katika saratani. Lutesi hutumika kwa njia nyingine kabisa: hubebeshwa mionzi na kupelekwa hadi kwenye uvimbe, na imekwisha kuidhinishwa kwa aina fulani za saratani, ikiwamo ya tezi dume mwaka 2022.

Tunaandika haya kwa sababu ya vipeperushi vinavyopita mikononi mwa watu, na wakati mwingine hata mlangoni mwa kanisa. "Maji ya fedha." "Unga wa madini ya kusafisha saratani." "Imethibitishwa na wanasayansi." Msomaji akisikia kwamba dawa ya hospitali nayo ni madini, anaweza kusema basi ni yale yale. Siyo yale yale. Mnakumbuka sinia: majirani wakihama kiti tu, dawa si dawa tena. Na neno "imethibitishwa kuua seli za saratani" mara nyingi maana yake ni ndani ya kisahani cha maabara. Jiki nayo huua seli za saratani ndani ya kisahani. Kazi ngumu ni kuziua na kumwacha mwenye mwili akiwa hai. Yale maji ya fedha yakinywewa kwa muda mrefu huweza kuifanya ngozi iwe na rangi ya kijivu-bluu isiyoondoka maisha yote. Saratani hayaitibu.

Katika Biblia, Yoshua bin Sira sura ya 38 inamheshimu tabibu pamoja na dawa zitokazo ardhini. Wauzaji wa unga wameijua sura hiyo na huitumia. Wanaisoma nusu: tabibu yumo humo humo.

KABLA YA KUFIKA HUKO

Tumeandika somo la chanjo na uchunguzi katika matoleo mengine, hivyo hapa ni ukumbusho tu. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya virusi vya papiloma kwa wasichana nchi nzima mwaka 2018, Kenya mwaka 2019. Tangu 2024 Tanzania hutoa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Uchunguzi wa mlango wa kizazi kwa kutumia siki huchukua dakika chache. Binti aliyechanjwa na mama aliyechunguzwa mapema huenda wasihitaji kabisa kujua platini ni nini.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

Je, katika parokia yetu yupo mgonjwa aliyekatisha matibabu ya saratani katikati? Alikatisha kwa sababu ya dawa, au kwa sababu ya nauli, chakula, watoto? Nani kati ya wanajumuiya angeweza kukaa na watoto wake kwa majuma nane?

Ni nani humu anayejua duka ambako akina mama hununua dawa za maumivu, na anaweza kuzungumza na muuzaji bila kugombana naye?

Ikiwa mfuko una fedha ya kumsaidia mgonjwa mmoja hadi mwisho au wagonjwa watatu hadi nusu ya matibabu, kamati itaamua nini, na itawaelezaje wale wengine?

Makatibu watuletee majibu ya swali hili la tatu kwa maandishi kabla ya kikao kijacho cha robo mwaka. Wafadhili nao wanakaribishwa kulijibu, kwani bajeti ya mwaka ujao itapangwa kwa kuyatazama majibu hayo.